Mwana wa Mama Nani

Simu ilinikuta Butembo nikichambua maharagwe kwenye ungo. Nilipoona jina la Justine, binti wa Papa Rejista, niliweka ungo chini, maana Justine hanipigii asubuhi ila kuna neno. "Mama Kahindo," akasema, "Papa ametuacha. Tutamuzika kesho. Kuya, na ulete ile sanduku." Sikumuuliza sanduku gani. Nililivuta kutoka chini ya kitanda, la bati, lenye kutu pembeni, nikalifuta vumbi kwa kitenge na kupanda gari la kushuka Beni. Mtu wa Butembo akienda Beni huvua sweta njiani kwa sababu ya joto. Mimi siku ile sikukumbuka kuvua, nikafika nimelowa jasho.

Wanaoandika habari za maisha yao hupenda kuanza na baba, mama, ukoo na kilima walichotoka. Mimi sitaanza huko, na wasomaji wanisamehe. Ninautaka mwaka mmoja tu, ule nilipokuwa na miaka kumi na tisa, nchi ikiitwa bado Zaire, nikiwa nimetoka shule na diploma mkononi na majivuno kichwani, nikaenda Beni kumpigia mashini ya kuandika mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kuandikisha vizazi na vifo. Jina lake lilikuwa Kakule, lakini mji mzima ulimwita Papa Rejista. Nimefundisha shule miaka mingi baada ya hapo, nimezaa, nimezika, nimekimbia vita na kurudi. Lakini mtu akiniuliza nilisomea wapi, jibu la kweli ni kwamba nilisoma kwenye chumba chake cha mbele, mwaka ule mmoja.

Nilipofika kilioni wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka ndani na wanaume nje chini ya turubai, na Justine alinishika mkono kunipeleka kwa mama mmoja aliyekaa pembeni na karatasi kwenye magoti. Huyo alikuwa Madame Sifa, mwandikishaji wa sasa, anayekaa kwenye kiti kilekile alichokalia Papa Rejista zamani, ila yeye ana kompyuta. Alinieleza kwa upole kwamba tangu ofisi za jimbo zihamie Beni, wakubwa wanataka mji uwe na sura ya makao makuu: barabara zipewe majina, na paandikwe orodha ya marehemu waliojenga mji. "Banasema Papa Rejista ndiye alianzaka ile kazi," alisema. "Donc tunaanza na yeye. Kesho, mbele ya kumuzika, tutasoma ukurasa yake pale kwa kaburi. Na banasema ni wewe tu unaweza kuandika." Akanipa fomu. Jina. Jina la baba. Kazi. Mema aliyotenda. Nikaomba kalamu, nikaanza kujaza, na mahali pamoja mkono ukakataa kuandika. Kwa nini ulikataa, nitasema. Lazima kwanza niwape mwaka wenyewe.

Chumba kile cha mbele kilikuwa na meza moja ya mninga, viti viwili visivyolingana urefu, na dirisha lililotazama barabara ya udongo mwekundu. Mashini ya kuandika ilikaa kati ya meza, nzito, na herufi "a" ilikuwa imechakaa ikatoka imefumba jicho. Papa Rejista alikaa upande wa dirisha na madaftari yake, mimi upande wa mlango. Asubuhi mke wake, Mama Justine, alituletea chai ya rangi na mandazi, na mchana bugali na sombe ya majani ya muhogo, au makayabu, samaki wa chumvi, siku za furaha, na ilikuwa mwiko kabisa kuweka sahani juu ya karatasi. "Marehemu hapana meza ya kula," alisema mzee, akisogeza kila kitu kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya kahawia aliyoivua mbele ya kila mtu, hata mbele ya watoto, na mwandiko mzuri kuliko wa kasisi yeyote niliyemjua. Kitabu alichokuwa anakiandika kilikuwa na kichwa kirefu, lakini sisi nyumbani tulikiita Wafu wa Mji. Alitaka kila mtu aliyefanya Beni iwe Beni apate ukurasa wake, mmoja tu, tajiri kwa maskini, usizidi na usipungue.

Ninayapenda mpaka leo yale majina tuliyoyakusanya. Alikuwepo muuguzi aliyezunguka vijiji kwa baiskeli na sanduku la sindano, akivuka mito maji yakiwa kifuani na sanduku kichwani. Alikuwepo kapita, msimamizi wa vibarua wa barabara, aliyepanda miti kwenye njia nzima akaambiwa ni mjinga, na leo waliomcheka wamekufa na kivuli kipo. Alikuwepo mama mmoja aliyefungua hoteli ya kwanza ya madereva, mlo mmoja tu, wali na maharagwe, na aliyekataa kumpa chakula dereva yeyote aliyempiga mkewe mpaka aende kwanza kuomba msamaha. Nilikuwa nimetoka shule nikidhani historia ni wafalme wa Wabelgiji na vita vyao. Kumbe historia ya mji wetu ilikuwa imekaa jikoni, na mlango ulikuwa wazi.

Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kufanya kazi. Tukienda kwenye nyumba ya marehemu, walitukaribisha sebuleni penye picha kubwa na vitambaa vya kufuma, na mzee alisikiliza kwa adabu, akanywa soda, akashukuru. Kisha aliomba kwenda kuwasalimu akina mama jikoni, na huko ndiko alikofungua daftari. "Kahindo," aliniambia, "kwa salon banasifu. Kwa jikoni banakumbuka." Na kweli, sebuleni tuliambiwa kwamba kapita alikuwa mtu wa Mungu, jikoni tukaambiwa kwamba alizungumza na miti yake kwa Kinande na kuigombeza ikichelewa kukua. Tuliandika yote mawili.

Ukurasa wa kwanza wa kitabu ulikuwa wa Kambale, mwana wa Mzee Musubao, mfanyabiashara wa kahawa, aliyekufa miaka miwili kabla. Mji mzima ulimjua. Lakini kahawa siyo iliyompa ukurasa wa kwanza, ni maji. Zamani mtaa wa juu ulichota maji bondeni, ng'ombe na watu pamoja, na kila kiangazi ugonjwa wa kuhara ulipita nyumba kwa nyumba ukichukua watoto. Kisha Kambale akajenga chemchemi: ukuta wa mawe, bomba la chuma, ngazi za kushukia. Mtaa ule unaitwa Kwa Kambale hadi leo, na watoto waliozaliwa baada ya ukuta ule walikua. Nililipiga mashini simulizi hilo mara nne kutafuta kupiga bila kosa, nikilia kidogo kila mara, maana nilikuwa msichana wa kulia.

Na nilikuwa na sababu yangu. Watoto wa marehemu Kambale waliahidi kukipeleka kitabu kwa mpiga chapa wa Butembo, na mzee aliniahidi kwamba kwenye ukurasa wa kwanza, chini ya jina lake, kutaandikwa: Umepigwa mashini na Kahindo. Leo ninacheka. Wakati ule nilikuwa ninayasema maneno hayo kitandani kimoyomoyo. Hakuna msichana wa rika langu aliyekuwa na jina lake ndani ya kitabu. Siku ilikuwa imepangwa: familia ingekutana kwenye kyaghanda, ile nyumba ya mazungumzo ambayo ukoo hukaa kukata maneno yake, mzee asome kurasa mbele ya wote, na wao wabariki kitabu kiende.

Zilipobaki wiki tatu, mzee akasema kwamba ukurasa wa Kambale haujaingia jikoni. Nilishangaa. Tulikuwa tumeshakaa kwenye jiko la mjane wake mara mbili. "Ile ni jiko ya bibi yake," alisema. "Sijaona ya mama." Mama yake Kambale alikuwa ameshakufa, lakini Mzee Musubao alikuwa na wake watatu, na wa tatu, aliyekuwa bado hai, alirudi kwao Kirumba. Basi tukapanda lori, tukalala Butembo kwa dada yangu, kesho yake tukapata lori jingine lililokwenda kupakia kabichi, na mzee akakaa juu ya magunia matupu na kofia yake magotini, akimsalimu kila mtu tuliyempita njiani.

Jina la mama yule lilikuwa Kanyere. Tulimkuta jikoni, mwembamba, mwepesi, akikwangua ukoko wa bugali kwenye sufuria kwa kipande cha chuma chenye mpini wa mbao, na hakuacha kukwangua alipotukaribisha. Alitupa viazi na maharagwe, akatutazama tukila mpaka mwisho, kisha akasema, "Bon. Musome." Nikasimama. Nikausoma ukurasa wangu kwa sauti ya shuleni, mawe, bomba, ngazi, watoto waliopona. Nilipomaliza alikuwa amekaa na sufuria mapajani, akitabasamu tabasamu ambalo sikulielewa.

"Ni muzuri," alisema. "Mais ule Kambale munaandika, ni wa nyumba gani?"

"Wa Mzee Musubao, mama," nikajibu.

"Musubao alikuwa na nyumba tatu, mwana wangu. Na mu kila nyumba, Kambale mumoja."

Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa, na hesabu huanza upya kwa kila mama. Mtu mwenye wake watatu anaweza kuwa na akina Kambale watatu wa baba mmoja, na hakuna wa kushangaa, maana nyumbani wanajuana kwa mama. Nililijua hilo kama ninavyojua vidole vyangu. Papa Rejista alilijua kuliko mtu yeyote. Na bado.

"Kambale wa nyumba kubwa ni ule wa kahawa," akasema Mama Kanyere. "Alikuwa mutu muzuri, sina neno. Mais hakushikaka jiwe hata siku moja. Kambale wangu alikuwa maçon, mutu wa kujenga. Ni yeye alijenga ile maji. Alibebaka mawe miezi saba, batu banamucheka. Na alipoanza kuchimba ingine, udongo ikamuangukia. Alikuwa na miaka makumi mbili na tatu." Akainua kile chuma alichokwangulia sufuria, akakigeuza ili tuone. Kilikuwa mwiko wa mwashi, umeliwa na kazi ukabaki nusu. "Hii ni yake. Nilikatala bamuzike nayo. Ninajua ilikuwa mubaya, mais nilikuwa nataka kitu ya kushika."

Papa Rejista alitaka kuvua kofia. Alikuwa ameshaivua mlangoni, kwa hiyo mkono wake ulikwenda kichwani ukakuta hakuna kitu, ukabaki pale. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, kosa ni yangu." Mama Kanyere akamjibu kwamba kosa si la mtu, watu walisema maji ya Kambale, na mwenye kusikia akamfikiria Kambale anayemjua. Wakaongea muda mrefu. Mzee alimuuliza mambo ya kijana yule, alipenda kula nini, aliimba wimbo gani kazini, nani alimcheka, na akaandika yote. Mimi sikuandika. Mimi nilitoka nje nikakaa juu ya kinu, nikiona kitabu changu kinazama, na jina langu ndani yake. Niseme ukweli ulivyo: sikumlilia yule kijana. Nilijililia mimi.

Wakati wa kuondoka walisimama mlangoni wakishikana mikono, na nilisikia Mama Kanyere akimuuliza, "Na wewe, uko mutoto wa mama nani?" Mzee akajibu. Yule mama akapiga kelele ya furaha, akacheka, akampiga bega, akasema maneno mengi ya Kinande kwa haraka, kisha akakimbilia shambani akarudi na kabichi kubwa kuliko kichwa cha mtu. "Kamata. Ni zawadi juu ya mama yako." Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao, nikifunga mkoba kwa hasira, nikipigana na kamba. Kabichi lile nililibeba mimi hadi Beni, na nililichukia njia nzima.

Kesho yake baada ya kurudi Beni, mzee alinipeleka kwenye ofisi yake ya zamani, akaomba ruhusa, akashusha rejista mbili za vifo. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja. Kambale, mwana wa Musubao na Mama Kambale. Kwenye rejista ya pili, miaka mingi baadaye: Kambale, mwana wa Musubao na Mama Kambale. Mwandiko ulikuwa uleule mzuri. Alinieleza jinsi ilivyokuwa. Baba alikuja kutangaza kifo, yeye akauliza jina la mama, na baba akajibu kwa heshima, kama wanaume wote wanavyojibu, Mama Kambale. Kutaja jina la mke wa mtu mbele ya wanaume ofisini ilikuwa kukosa adabu. Naye kwa adabu akaandika. "Miaka yote ile," alisema, "nimeandika bamama bila majina. Angalia, Kahindo. Ukurasa kwa ukurasa." Nikatazama. Mama Paluku, Mama Masika, Mama Kasereka, mistari na mistari, wanawake waliozaa mji mzima, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jina lake mwenyewe.

Nilimsihi. Sioni haya kulisema sasa, nina mvi. Nilimwambia, "Papa, hakuna mutu atajua. Kirumba iko mbali. Ule kijana amekufa, na ule wa kahawa naye amekufa, sasa nani ataumia?" Aliichukua kofia yake akatoka. Lakini jioni, nikiosha vyombo nyuma ya ukuta wa matete, nilimsikia mke wake akimwambia jikoni, "Ukisema vile mbele ya batoto bake, bataacha kitabu. Unajua." Akajibu, "Ninajua." Mkewe akasema, "Na huyu mutoto wa batu? Umemuahidi." Nikashika sahani isilie. Kisha nikamsikia mzee: "Ni yeye ninaogopea. Kitabu ikikufa, atahuzunika mwaka moja. Mais nikimufundisha kusema bongo, kudanganya juu ya mufu, ataharibika maisha yote." Mama Justine akacheka kidogo, akasema, "Basi kula, inapoa." Nilisimama pale na maji yakinitoka viwikoni. Nilimkasirikia bado, lakini kuanzia dakika ile nilijua kwamba nitamfuata.

Siku ya kyaghanda ukoo wa Kambale wa kahawa ulikaa kwa mzunguko, wana wanne mbele na mashati meupe, wazee nyuma yao na kasiksi, pombe ya ndizi, mjane na binti zake karibu na mlango. Papa Rejista alisimama. Hakuanza na pole wala na utani kama kawaida yake. Alisema, "Kosa ninaleta hapa ni yangu. Mukono iliyoandika vibaya ni hii," akauinua mkono. Kisha akasoma kurasa mbili badala ya moja. Wa kwanza wa Kambale wa kahawa, aliyeajiri watu, aliyesomesha yatima, aliyejulikana kwa kutovunja ahadi, na hakupunguza hata neno moja la sifa zake za kweli. Wa pili wa Kambale mwashi, mwana wa Kanyere, aliyebeba mawe miezi saba. Nilitazama miguu yangu. Nilisikia kiti kikilia na mtu akikohoa, na mmoja wa wale wana akisema, "Papa Rejista, baba yetu alishukuriwa juu ya ile maji na mji muzima. Kwa kilio, batu elfu walisikia."

Ndipo mjane akasimama. Alikuwa mama mnene, mpole, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Baba yenu hakunywaka maji ya pale," alisema. "Hata siku moja. Alikuwa anatuma batu bachote mbali, kule chini, na mimi nilifikiri ni kiburi. Kila mutu alipomushukuru, alikuwa anaangalia chini. Sasa ninaelewa. Alikuwa na haya." Akamgeukia mzee, akapiga magoti kidogo. "Wasingya, asante, Papa. Umemuondolea muzigo." Nililia, na safari hii sikujililia.

Wana hawakutufukuza. Walitupa soda, wakasema watafikiri, na wanafikiri mpaka leo. Kitabu hakikwenda Butembo. Mzee hakusema neno baya juu yao hata mara moja. Jumatatu iliyofuata aliweka karatasi mpya kwenye mashini, akasema tunaanza upya. Chini ya kila jina tungeongeza mstari mmoja: mwana wa mama fulani, jina lake la kuzaliwa. Tukarudi kwenye nyumba zote. Miezi iliyobaki ya mwaka ule tuliimaliza jikoni kwa watu, tukiuliza swali hilo moja, na mara ngapi nimeona wazee wazima, wenye magari, wakitazama dari, kisha wakituma mtu kwa shangazi wa mbali kwenda kuuliza mama yao aliitwa nani. Tulipomaliza alinipa nakala zote za kaboni ndani ya sanduku la bati. "Weka," alisema. "Kitabu si lazima ichapwe. Lazima tu isidanganye." Nikaenda kufundisha Butembo. Nimekimbia mara tatu na sanduku lile kichwani, nimeacha masufuria, nimeacha picha za harusi, sijaliacha.

Sasa mnajua kwa nini mkono ulikataa. Nilikuwa nimeandika Kakule, nikaandika jina la baba yake, nikaandika kazi yake, na mema yake yalijaza nafasi nikageuza upande wa pili. Kisha nikachora mstari ambao fomu haikuwa nao, nikaandika: mwana wa. Nikasimama hapo hapo. Mwaka mzima nilikuwa nimeuliza jina la mama wa kila mtu Beni, isipokuwa la mama yake yeye. Nilimwita Justine. Akafikiri, akaanza kulia tena. "Sisi tulikuwa tunamuita Mama Kakule," alisema. "Batu bote balimuita vile." Mama Justine, ambaye labda angelijua, alikuwa ameshakufa; tukauliza kwa wazee chini ya turubai, tukapiga simu kwa ndugu walio hai. Mama Kakule, walijibu, wote, kwa heshima kubwa. Nikafungua sanduku nikapekua nakala zote, nikijua fika kwamba ukurasa wa Papa Rejista haumo, maana yeye alikuwa mzima tulipoandika, na kitabu kilikuwa cha wafu.

Mtu mmoja tu alilisikia jina hilo mbele yangu, na alifurahi kiasi cha kukimbilia kabichi. Mama Kanyere amekwisha kufa zamani, na njia ya Kirumba siku hizi imefungwa na vita. Hata namba ya simu ya wajukuu wake haiitiki. Nilikaa na kalamu nikijilazimisha kurudi kwenye mlango ule, kuisikia tena sauti ya mzee ikijibu. Ninaona kofia. Ninaona mkoba wangu na ile kamba. Ninasikia kicheko cha yule mama. Jina silisikii. Alilisema wazi, hatua tatu kutoka kwangu, na mimi nilikuwa ninalilia jina langu.

Madame Sifa alikuja jioni kuchukua fomu. Akaona mstari wangu, akasema kwa upole, "Mama, hii tunaweza kuifuta tu. Fomu haiombe." Nikamwambia aiache. Nikaandika mbele yake: mwana wa mama ambaye jina lake, lilipotajwa Kirumba, lilipewa kabichi. Akasoma mara mbili, akacheka, kisha akaacha kucheka. "Itasomwa hivi hivi?" akauliza. Nikasema hivi hivi, mbele ya kaburi, na atakayeijua njia ya kulipata jina aje aniambie, nafasi nimeiacha.

"Na wewe, mama?" akasema akitafuta chini ya ukurasa. "Mwenye kuandika. Jina yako tu inatosha."

Nikaandika Kahindo. Kalamu ikataka kusimama, nikaisukuma. Mwana wa Mbambu, muuza vitunguu wa soko la Butembo. Kurasa hizi zote, tangu maharagwe yale kwenye ungo, nimejisifu kwamba sitaanza na mama yangu. Basi na aje mwisho. Anaitwa Mbambu.